Kamyo Niliyoiandika Ukutani

Wanangu mnaoshika funguo leo katika karakana ya pompi za maji, juzi mlinijia kwa moyo mweupe na mimi nikawakunjia uso. Acheni niwaeleze kwa nini.

Mlikuja watatu na simu moja. Mkasema, "Tonton Ramazani, ona, wameandika juu ya pompi ya kweli." Kwenye kioo palikuwa na picha ya moyo, na chini yake maneno kwamba moyo wa binadamu hutoa nguvu kila siku za kutosha kuendesha kamyo, yaani lori, kilomita thelathini na mbili. Mlidhani fundi mzee atafurahi. Badala yake niliuliza kama bidoni, lile dumu la lita tano, bado ipo, halafu nikaondoka bila kuaga.

Maneno yale nayafahamu. Niliyaandika mimi mwenyewe, kwa rangi nyeupe, kwenye ukuta ule ule mnaouegemea mkinywa chai, wakati hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa amezaliwa. Yalikaa pale miaka mingi, na yalimdhuru mtu aliyenifundisha kazi.

Mtu huyo alikuwa Papa Gaspard. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mabuti ya mpira hayakumtoka miguuni, masika na kiangazi. Alisikiliza pompi kabla ya kuifungua. Ncha ya turnevisi, bisbisi ndefu, aliiweka kwenye mwili wa pompi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayesali. Kisha husema, "Beringi ya nyuma," na tukifungua tunakuta ni beringi ya nyuma. Nilifanya hivyo miaka miwili nikisikia kelele tu. Mwaka wa tatu, siku moja, kelele zikagawanyika: hii ni beringi, hii ni maji, hii ni mchanga uliopita mahali pasipopaswa. Jaribuni. Msikate tamaa kabla ya mwaka wa tatu.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa pipa. Mnalijua, bado lipo: pipa la lita mia mbili juu ya jukwaa la mbao lenye urefu wa kifua cha mtu. Kila pompi, iwe mpya au kuukuu, ilipaswa kuvuta maji kutoka tangi la chini na kulijaza pipa lile, saa ikiwa mkononi. Kile kibao cha chuma kinachobandikwa kiwandani, kinachotaja lita ngapi na mita ngapi, Papa Gaspard hakukisoma kabisa. Alikuwa akisema, "Kibao iko na mudomo. Pipa iko na macho."

Niliivunja sheria hiyo mara moja nikiwa bado mgeni. Mwenye baleinière, zile boti kubwa za mbao zinazoshuka mto na watu na magunia, alikuwa na haraka ya kwenda Basoko. Pompi yake ya kutoa maji tumboni mwa boti ilikuwa mpya, rangi inang'aa, kibao kinaahidi makubwa. Nikaifunga bila kuipeleka kwenye pipa. Wiki mbili baadaye mama mmoja mfanyabiashara akaingia karakana, sufuria kubwa mkononi, nyeusi kwa masizi.

"Fundi aliyefunga pompi ya boti yetu ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Bon." Akaiweka sufuria juu ya meza yangu. "Pompi yako ni hii. Ndiyo ilitufikisha Basoko. Nilimwaga maharagwe yangu mtoni, maharagwe ya watu kumi, ili nipate chombo cha kutolea maji. Donc, utanipikia mengine."

Nilimpikia. Papa Gaspard akamwomba mama yule sufuria, akamnunulia nyingine, na ile nyeusi akaitundika kwenye msumari juu ya pipa. Mteja akiuliza ni ya nini, alijibu, "Hiyo ni diploma ya Ramazani."

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilikuwa nimefundishwa. Siwezi kujitetea kwamba nilikuwa mjinga. Sina kisingizio kwa kuwa nilijua.

Sentensi ya kamyo niliipata kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa mikate ya kukaanga. Nilimaliza shule ya sekondari, na kati ya mafundi wenzangu ni mimi niliyesoma zaidi. Nilipenda wajue hivyo. Nikachota rangi, nikapanda ngazi, nikaandika. Wateja walisimama na kusoma kwa sauti. Mimi nilijaza maelezo: kilomita thelathini na mbili, yaani unatoka mjini, unaiacha Kapalata nyuma, unaingia msituni, na yote hayo ni kwa nguvu za kitu kisichozidi ngumi yako! Watu walitikisa vichwa. Nikajiona mwalimu. Hata siku moja sikujiuliza pipa la sentensi ile liko wapi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kilikuwa kiangazi, mto umepungua, na mnajua maji yakipungua ukingo unakuwa mrefu. Mimi na Papa Gaspard tulibeba pompi kutoka kwenye boti, imefungwa kwenye mti, yeye mbele, mimi nyuma. Njia ya kupanda ni fupi. Akaitua mara ya kwanza. Akaitua mara ya pili. Mara ya tatu akaketi juu yake.

"Ngoja kidogo, Rama. Pumuzi inakatika."

Mabaharia walikuwa wakitutazama. Ningeweza kusema chochote. Nilisema:

"Pumuzi gani, Papa? Moyo yako iko na nguvu ya kupeleka kamyo kilomita thelasini na mbili, na mita makumi mbili inakushinda?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele kama anayeitisha dizeli, "Kamyo imezimika! Mumutilie mazutu!"

Papa Gaspard naye akacheka. Akainuka, akaweka mti begani, tukapanda.

Tangu hapo kila aliposimama kupumua, mtu alipiga honi kwa mdomo. Utani wa gatini hauishi haraka. Yeye akajifunza kujificha. Alisimama kana kwamba anatazama boti inayopita. Alisimama kuuliza habari za mtu ambaye habari zake alikuwa ameziuliza asubuhi. Mara nyingi aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na sisi mafundi tunaojisifu kwa macho makali hatukuona kwamba mabuti ya mpira hayana kamba.

Kisha siku moja nilimkuta ameyapasua mabuti yale kwa kisu, pembeni, toka juu hadi kwenye kifundo.

"Papa, umeharibu mabuti!"

"Raba imekauka, inabana."

Raba haikuwa imekauka. Miguu ilikuwa imevimba. Wanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wenye boti: ukiona maji yanatulia nyuma, chini kabisa, usilaumu mbao kwanza, itazame pompi, imechoka. Nilisema hivyo kila wiki. Na mbele yangu alikuwa mtu ambaye maji yalikuwa yanatulia chini kabisa, na nikamletea gundi abandike mabuti.

Alianguka asubuhi, mahali pale pale ukingoni. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi taratibu, midomo ina rangi ya majivu, akasema "Rama," basi. Nilisimamisha toleka, baiskeli ya abiria, tukampakia nyuma, dereva akanyonga na mimi nikakimbia pembeni nimemshika mgongo, hadi hospitali.

Mkewe, Mama Odette, alitukuta huko. Hakulia. Alinitazama akauliza:

"Ramazani, ile habari ya moyo na kamyo, uliisoma wapi?"

"Kwa nini, Mama?"

"Tangu mvua za mwaka jana namwambia aende kwa daktari. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akilala chali anakosa hewa. Kila nikimwambia ananijibu, 'Ni uchovu tu, moyo hauchoki, Ramazani amesoma.' Ndiyo nauliza. Ulisoma wapi?"

"Kwenye karatasi ya mikate, Mama."

Alifungua kanga, akaifunga upya kiunoni, akaingia ndani kwa mumewe. Nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna tusi lililonikaa kama kufungwa upya kwa kanga ile.

Daktari alisema moyo umepanuka na kudhoofika. Dawa zingeusaidia, maji yangepungua, lakini asibebe tena kitu kizito, na kilichokwisha kuharibika hakingerudi. Angekuja mapema, alisema, kingeokolewa zaidi. Tangu saa ile nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: kumwomba Papa Gaspard msamaha wakati bado ana pumzi ya kunijibu. Na kila nilipofungua mdomo, yeye aliufunga.

"Papa, nataka kusema..."

"Pima kwanza."

"Nipime nini?"

"Pompi zote umeweka kwenye pipa. Hii moja," akajigusa kifua, "uliamini kibao. Pima kwanza, halafu utasema."

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke kijana, Béatrice, mkali kwa wageni wanaokalia vitanda. Papa Gaspard akamwita.

"Madame, pompi hii inatoa lita ngapi?"

"Pompi gani, Papa? Hapa si gatini."

"Hii ya ndani."

Akacheka, ukali ukamwisha. "Ah! Mutu mukubwa akipumzika, iko karibu lita tano kila dakika. Yako kwa sasa, kidogo kuliko hapo."

"Na inapandisha mpaka wapi?"

Swali hilo halikumwelea hadi nilipomweleza kwamba kwetu pompi hupimwa kwa mambo mawili: maji kiasi gani, na yanapanda juu kiasi gani. Akaleta chombo cha kupimia shinikizo la damu, kile cha zamani chenye zebaki, akanionyesha: ukichukua wastani, ni karibu hapa. Sentimita kumi hivi za zebaki. Zebaki ni nzito kuliko maji karibu mara kumi na nne. Katika fizikia yote niliyosoma sekondari, hilo ndilo lililobaki. Kwa hiyo kwa maji ni mita moja na theluthi.

"Toka chini mpaka kifuani," nikasema.

"Mpaka jukwaa yetu ya pipa," akasema Papa Gaspard, macho yakimng'aa. "Piga hesabu."

Nilipiga hesabu mgongoni mwa boksi la dawa. Lita tano kwa dakika, mara dakika sitini, mara saa ishirini na nne: lita elfu saba na mia mbili, yaani zaidi ya tani saba za maji kwa siku, zikipandishwa mita moja na theluthi. Kazi hiyo ni sawa na kuinua kamyo ya tani kumi kwa karibu mita moja. Nikarudia hesabu. Nikarudia tena. Nilikuwa natafuta kilomita thelathini na mbili, na mkononi nina mita moja. Kwenye lami tambarare kamyo ingesogea labda mita mia, kisha ingesimama. Hata ukihesabu chakula chote ambacho moyo hukichoma kwa siku, pamoja na joto linalopotea kama katika moteri yoyote, ni kama vijiko vichache vya mazutu. Mwenye kamyo yeyote atawaambia vijiko vichache vya mazutu vinafika wapi.

Nikampa boksi. Alilisoma polepole, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Béatrice akaja mbio.

"Rama," akasema alipopata pumzi, "kamyo yako haitoki hata kwenye bac ya kuvukia mto! Itabaki pale Lubunga, ng'ambo, na ndizi za watu."

Nilikuwa na aibu ya kutosha kujaza pipa. Lakini nilipotembea kurudi nyumbani, chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, na ndicho ninachotaka hasa kuwaachia.

Sentensi ya ukutani ilinifanya niishangae kamyo. Hesabu ya boksi ilinifanya niushangae moyo. Kumbe hauna nguvu za kutisha! Una nguvu za mtoto wa shule anayeinua bidoni ndogo ya maji kutoka chini na kuiweka mezani. Lakini anainua tena dakika inayofuata. Na inayofuata. Usiku wewe umelala, anainua. Unapogombana na mkeo, anainua mara mbili. Pompi nzuri kuliko zote nilizowahi kufungua ilidumu misimu kadhaa kabla ya kuomba raba mpya, na tuliizima kila jioni. Hii haijawahi kuzimwa. Ilianza kazi kabla mama yako hajakuchagulia jina. Milango yake minne hufunguka na kufungwa bila springi, bila chuma, laini kama jani la muhogo baada ya mvua, na hujitengeneza yenyewe huku ikifanya kazi. Ni fundi gani atabadilisha raba ya pompi inayozunguka? Mimi, miaka yote hii, sijui. Nilisimama katikati ya njia, matoleka yananipigia kengele, nimeweka mkono kifuani kama mwizi aliyekamatwa na kitu cha thamani.

Papa Gaspard alitoka hospitali, akarudi karakana, lakini kwa kiti. Alikaa kando ya pipa, akasikiliza pompi kwa turnevisi, na kubeba nikabeba mimi. Siku ya kwanza nikajaribu tena.

"Papa, nimepima. Sasa niruhusu niseme."

"Umepima na kalamu. Pima na pipa."

Nikaelewa. Nilichukua bidoni ya lita tano. Nijaze kutoka tangi la chini, niinue, nimwage kwenye pipa, mara moja kila dakika. Pipa likijaa, robineti, koki ya pipa, inarudisha maji chini. Yeye alishika saa.

"Twende," akasema.

Dakika kumi za kwanza nilipiga hadithi. Ilikuwa kazi ya watoto. Nusu saa, bado rahisi. Jasho kidogo, mkono unabadilishana na mkono. Baada ya saa moja niligundua kwamba uzito haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba siwezi kuondoka. Nilitaka kujikuna. Nilitaka maji ya kunywa. Nilitaka kufikiri jambo lingine, jambo lolote, na kila wazo lilikatwa na "Dakika!" ya Papa Gaspard. Saa moja na dakika kumi na saba, nahodha mmoja akachungulia mlangoni.

"Fundi Ramazani! Beringi yangu imepatikana?"

"Ingia, mon vieux, iko pale chini ya..."

Nikageuka kumwonyesha. Nilipogeuka tena, bidoni ilikuwa bado chini, na Papa Gaspard alikuwa amenyanyua macho kutoka kwenye saa.

"Bon," akasema. "Umekufa, Rama."

Nahodha akacheka. Mimi sikucheka. Sikuchoka, sikuvunjika, mikono ilikuwa bado na nguvu. Nilisahau dakika moja tu, kwa sababu mtu aliniita jina.

Niliketi chini kwenye tope la pipa, mbele ya kiti chake. Mabuti yalikuwa bado na ule mpasuko, na ndani yake miguu sasa ilikuwa imepungua.

"Nisamehe, Papa. Nilikucheka ukingoni mbele ya watu. Nilikwambia kitu ambacho sikukijua."

Aliyatazama mabuti yale. Kisha akasema, "Siku ile mimi pia nilicheka. Nilikuwa naogopa, Rama. Kamyo yako ilinifaa, nikapanda ndani nijifiche. Imekwisha. Nimekusamehe." Akanipa saa ile ya mkononi nimsaidie kuifunga. "Lakini ukuta ule, futa."

Niliufuta jioni ile ile. Rangi nyeupe haikutoka yote. Mkitazama vizuri upande wa dirisha mtaona bado herufi K.

Aliishi misimu miwili ya mvua akiwa kwenye kiti kile, na akatufundisha zaidi akiwa ameketi kuliko alivyotufundisha akiwa amesimama. Alikufa nyumbani, Mama Odette akiwa ameushika mkono wake. Mama huyo alinisimulia baadaye kwamba aliketi akiusikiliza mshipa kwa kidole hadi mwisho. Mimi na Mama Odette tunasalimiana. Siku ya Idi hunitumia sahani ya pondu, majani ya muhogo. Hatujawahi kuzungumza tena juu ya karatasi ya mikate, na sidhani kama ni haki yangu kuanza.

Basi hiyo ndiyo sababu ya uso wangu wa juzi. Simu yenu si mbaya. Ni kibao tu, ina mdomo. Bidoni mnayo, pipa mnalo, saa mnazo.

Na jambo moja la kazi, ambalo halimo katika kitabu chochote cha pompi. Mtu mzima akiingia karakana amebeba pompi yake begani, mimi siitazami kwanza. Namkaribisha kiti, namwangalia vifundo vya miguu. Nikiona soksi imechora mfereji, namwomba ruhusa nibonyeze kwa kidole gumba. Wengine hudhani mzee amerukwa na akili. Shimo likibaki pale, namwita mwenye toleka ampeleke hospitali, na mwenye pompi hulalamika kila mara, "Lakini fundi, boti yangu inaondoka kesho!"

Namwambia pompi hii ya boti inajua kungoja.